Mbuzi Aina ya Katuni

Wasee, kuna ngamia aliwahi kushinda zawadi kwenye maonyesho yangu ya vitabu vya katuni. Hapa hapa Isiolo, mwaka wa 1986. Mpaka leo sijui alimshinda nani.

Naitwa Umuro. Wakati huo nilikuwa kijana, nachora katuni mchana kutwa. Baba yangu, Mzee Jaldesa, tuliyemwita Aba, hakuiona faida.

"Usipopata mtu ya kuchapisha hiyo mambo kabla ya mvua," akaniambia, "unaenda Biliqo kuchunga ngamia. Na kalamu inabaki hapa."

Aba akisema, amesema.

Nikaanza na Nairobi, kwenye mkutano mkubwa wa mashabiki wa katuni. Watu walijaa ukumbini hadi nje. Nilipanga foleni asubuhi mpaka jioni nikitaka kumwonyesha mhariri wa jarida fulani kitabu changu. Nilichoambulia ni kuona kiwiko cha mtu, nikaambiwa ni cha msaidizi wake.

Nilirudi nimekufa moyo. Rafiki yangu Kagwiria, muuza magazeti, akanicheka wazi wazi.

"Kama huwezi kumfikia, mlete huku. Tufanye show yetu ndogo."

Akapiga simu kwa jarida lile. "Mhariri amesema atakuja Jumamosi," akaniambia. Kichwani nikamwona mwanamume wa suti na tai.

Kagwiria akatangaza sokoni, na habari ikafika hadi Kipsing: kuna show ya katuni.

Sasa, huku kwetu ukisema show, watu wanajua ni mifugo. Hakuna show nyingine. Hilo neno katuni kila mtu alijijazia maana mwenyewe.

Jumamosi nikafungua ukumbi tuliokodi hapa Isiolo. Mbuzi walikuwa wamejaa hadi barabarani.

"Salaam aleikum," mzee mmoja akanisalimu. "Hii katuni iko wapi? Tunasikia ni mbuzi ya wazungu, inazaa tatu tatu."

"Mzee, katuni ni picha. Ya kitabu."

Akanitazama kwa huruma. "Sawa. Lakini yenyewe mmeficha wapi?"

Kabla sijajibu, Aba akafika na ngamia wake bora, amemsafisha, anang'aa. Amekuja kuishinda katuni.

"Umuro, leo umefanya kitu ya maana," akasema.

Hakuwa amenisifu tangu nizaliwe. Nilishindwa kumwambia ukweli, kusema kweli niliogopa.

Hapo akaingia jamaa wa suti na tai. Kagwiria akanisukuma. "Ni yeye. Enda."

Nikamfungulia kitabu changu, hadithi ya ngamia anayemtoroka mchinjaji. Jamaa akatazama ukurasa wa kwanza muda mrefu.

"Huyu ngamia amekonda," akasema. "Mmempa dawa ya minyoo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoka nje akaanza kufungua mbuzi midomo na kukagua meno.

Kumbe alikuwa afisa wa mifugo. Naye alikuwa amesikia kuna show.

Alimaliza ukaguzi, akatangaza ngamia wa Aba kuwa mshindi. Watu wakadai zawadi. Hatukuwa na kitu kingine ila kile kitabu changu, nakala moja tu, nimeichora kwa mkono. Kagwiria akampa Aba.

Mimi nikaenda kukaa ukutani. Mhariri hajaja, kitabu kimeenda, na mawingu yameanza kujikusanya.

Aba hakujua kusoma. Akaketi chini, akafungua, akaanza kusimulia picha. Watu wakamzunguka. Walipofika pale ngamia anasikia ndama wake akilia nyuma, ugomvi ukazuka. Wengine walisema arudi, wengine akimbie. Bakora zikainuliwa.

Mama mmoja aliyejifunga leso, kikombe cha maziwa ya ngamia mkononi, alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi. Akanijia.

"Habari, kijana. Mwisho wake ukoje? Yule mzee amekataa kufungua ukurasa mpaka wakubaliane."

"Mama, subiri tu."

"Siwezi, narudi Nairobi. Mimi ni Karimi, mhariri. Huko watu hununua kitabu na kwenda zao. Sijawahi kuona watu wakipigania ukurasa. Nataka kukichapisha."

Nikakimbia kwa Aba. "Aba, nimepata wa kuchapisha. Nipe kitabu."

Aba akakificha chini ya shuka. "Hii ni zawadi ya ngamia yangu. Sitoi."

Karimi akamsihi. Wapi.

"Mama, wacha kijana achore ingine," Aba akamwambia. "Hiyo ndio kazi yake."

Nilichora upya kitabu chote, Aba akinikalia karibu kuhakikisha ngamia anarudi kwa ndama. Mvua ikanyesha. Biliqo alienda mtu mwingine.

Siku hizi nahudhuria mikutano mikubwa, na ni mizuri. Lakini huko watu hupanga foleni wamwone aliyechora. Isiolo waliketi kwenye vumbi wakagombania kilichochorwa. Kwa hivyo wewe mwenye kitu cha kuonyesha, anza na watu wa kwenu. Wakikuelewa vibaya, wafungulie tu mlango, waingie na mbuzi wao.