Tundu la Jina

Kosa ninalotaka kulieleza hapa linaitwa mazoea. Si kosa kubwa kupita yote katika kazi yetu. Wapo wanamuziki wanaofika harusini wakiwa wamelewa, na wapo wasiofika kabisa. Nalitanguliza kwa sababu mazoea hufanana mno na ustadi, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi huku akisifiwa.

Sisi ni kikundi kidogo cha Voi. Siku za juma kila mmoja ana shughuli yake: mimi ni mwalimu, mpiga kinanda hutengeneza simu, mpiga ngoma ana duka la vipuri vya pikipiki, mwimbaji wetu kiongozi ni fundi cherehani, na akina mama watatu wanaoitikia wana meza zao sokoni. Jumamosi tunakuwa bendi. Mimi hupiga gitaa la besi, chombo ambacho watu hawakisikii mpaka kinapokosea.

Baada ya mazoezi hukaa tukanywa chai, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye siku mbaya tulizowahi kuziona jukwaani. Mpiga kinanda husimulia habari ya Maungu, tulipopiga kando ya barabara kuu, na kila alipofika pahali patulivu pa wimbo lori likapita likipiga honi, hata mzee mmoja akamsifu kwa kuwa na kinanda chenye sauti ya lori. Mpiga ngoma ana ya Chala, alikojengewa jukwaa kwa kreti za nyanya. Kreti zilimeza kiti chake katikati ya wimbo, naye akaendelea kupiga akionekana kichwa tu. Tunacheka sana. Lakini hizo ni ajali, na katika ajali hakuna mengi ya kujifunza zaidi ya kukagua kreti. Siku mbaya ninayoikumbuka mimi haikuwa ajali. Tulienda nayo kutoka Voi, tukaipandisha mlimani wenyewe.

Sina budi kueleza kwanza namna tunavyofanya kazi. Wimbo wetu wa kumpokea bibi harusi tuliutunga wenyewe, na ndani yake tumeacha mahali pa kuweka jina lake. Mahali hapo tunapaita tundu. Muziki huzunguka mara mbili, kisha mwimbaji akalitia jina katika tundu, waitikiaji wakalirudisha kama walivyolisikia, naye akalitia tena. Jumamosi hii hadi Jumamosi ijayo wimbo ni ule ule. Kinachobadilika ni jina tu. Kila familia hudhani umetungwa kwa ajili ya binti yao, nasi hatujawahi kumsahihisha yeyote.

Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumepiga mjini Voi, katika harusi ya binti wa Kidawida, yaani Mtaita wa mlimani, mwenye jina fupi, tamu, lililoingia katika tundu kama mguu katika kiatu cha zamani. Majina yenyewe sitayaandika, kwa kuwa wenyewe wako hai na hawakuniomba niwaandike. Yatosha kusema kwamba lile jina liliimbwa alasiri nzima, likarekodiwa katika simu za watu, na juma lote waitikiaji wetu waliliimba chini chini mezani kwao huku wakipanga nyanya.

Harusi iliyofuata ilikuwa ya Werugha, juu mlimani kwa Wadawida. Bwana harusi alikuwa kijana wa huko huko, mwajiriwa wa serikali, aliyekusudia kuishi na mkewe katika boma la mama yake. Bibi harusi alikuwa binti wa Maungu, wa wazazi Wakamba. Jina lake alilirithi kwa nyanya yake mzaa baba, na lilikuwa refu. Halikuenea katika tundu. Jambo hili tulilijua tangu Alhamisi, siku ya mazoezi. Nilipendekeza tulijaribu jina mara kadhaa ili tujue litakaa wapi. Mwimbaji wetu alikuwa amechoka, na kibandani kwake kulikuwa na nguo za watu zinazongoja.

"Mwalimu, wewe utasahihisha hata harusi," akasema. "Jina ni jina. Nitalikunja hapo hapo jukwaani, kama ninavyokunja upindo."

Akina mama wakacheka, vyombo vikafungwa, tukaenda zetu.

Siku ya harusi ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta ya kabichi tangu asubuhi, na maturubai ya hema yalikuwa yakidondosha maji. Wageni wa Maungu walikuja kwa basi la kukodi wakiwa wamevaa nguo za nchi yao ya joto. Wanawake walijifunga kanga juu ya magauni ya sherehe, na wenyeji wakawapitishia chai ya maziwa kabla hata ya salamu kuisha. Kwa nje mambo yalikuwa mazuri. Lakini tulipokuwa tukila nyuma ya jiko, wapishi walitueleza yaliyo ndani. Mama wa bwana harusi, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa, hakwenda Maungu kwenye posa. Ilisemwa alikuwa na kikohozi. Hakuna aliyekiamini kikohozi hicho, kwa sababu kila mtu alijua alitamani mwanawe aoe kwa jirani, ng'ambo ya tuta. Mpishi mmoja alisema kwamba jirani kwa jirani ni rahisi, angalau ng'ombe wao wanajuana.

Hivyo kila aliyeketi chini ya hema lile alikuwa akingoja kitu kimoja: kuona kama binti huyu angepokelewa kama mtoto wa nyumba au kama mgeni anayevumiliwa. Hata sisi tulilijua hilo, na kazi tuliyoitiwa ilikuwa hiyo hiyo ya kumpokea.

Bibi harusi akaingia kwa lango la maua, amemshika mumewe mkono, shangazi yake na wanawake wa Maungu wakicheza nyuma yake. Tukaanza. Muziki ukazunguka mara mbili, mwimbaji wetu akafungua kinywa, na jina lililotoka lilikuwa la bibi harusi wa Jumamosi iliyopita.

Waitikiaji wakalirudisha. Kazi yao ni kurudisha wanachopewa, na hili walikuwa wamelizoea. Nilimwona mwimbaji macho yakimtoka, kwani alikuwa amelisikia kosa lake. Muziki ukamleta tena kwenye tundu kabla hajajipanga, ulimi ukapita njia ile ile, na mara ya tatu akina mama hawakumngoja, walilitaja wenyewe kwa furaha. Spika zetu zilielekea bondeni. Nadhani hata waliobaki shambani walipata habari kwamba amekuja Mdawida.

Tulinyamaza ovyo, mmoja baada ya mwingine. Gitaa langu liliendelea peke yake kidogo, kama mtu anayezungumza bila kujua kwamba wenzake wameondoka.

Huenda kosa hilo lingepita kwa kicheko kama jina lingekuwa la mahali pengine popote. Lakini lilikuwa jina la mlimani, la aina ile hasa ambayo watu walisema mama yule aliitaka kwa mkwe wake. Baba mdogo wa bwana harusi, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, hakuona haja ya kushusha sauti.

"Hata wapiga muziki wanajua nyumba hii ilikuwa ikimngoja nani," akasema, na waliomzunguka wakacheka.

Mshereheshaji akadhani ataokoa mambo. Akawaomba wageni wasijali, akasema bibi harusi amepewa jina la nyumbani. Alikuwa kijana mwenye nia njema, na sijawahi kusikia nia njema ikifanya uharibifu wa haraka namna ile. Kicheko kikakoma upande wa wenyeji. Upande wa Maungu hakikuwapo tangu mwanzo. Shangazi wa bibi harusi akaacha kucheza. Akawaambia wenzake maneno machache kwa Kikamba, kisha akageuka na kusema kwa Kiswahili, polepole, ili asiwepo wa kusema hakuelewa:

"Mwanangu ana jina. Alikuja nalo. Kama hapa halina mahali, litarudi naye."

Akamshika binti mkono mmoja. Ule mwingine bado ulikuwa mkononi mwa mumewe. Wanawake wa Maungu wakaanza kuokota mikoba yao. Bibi harusi hakulia wala hakututazama sisi. Alikuwa akitazama meza kuu, alikoketi mama mkwe wake.

Mwimbaji wetu alitaka kuomba radhi. Alikiinua kipaza sauti, kikatoa mlio mkali, akakishusha tena. Ndipo yule mama aliposimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa sweta la kijivu juu ya gauni lake jipya. Hakwenda kwa bibi harusi, hakwenda kwa shemeji yake aliyetoa mzaha. Alikuja moja kwa moja kwetu, nami nikajua, kama wote walivyojua, kwamba anakuja kutufukuza. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama pembeni, mtu wa kwanza aliyemfikia nilikuwa mimi.

"Mwalimu," akasema, kwa jina alilosikia wenzangu wakiniita, "kabla ya jina mnazunguka mara ngapi?"

Nikamwambia mara mbili.

"Zungukeni mara tatu, na hapo mwisho msikimbie. Jina la mkwe wangu ni refu."

Hakuyasema hayo kwa watu. Aliyasema kwangu, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Lakini mwimbaji wetu alikuwa bado amekishika kile kipaza sauti karibu na kiuno chake, na hakuwa amekizima. Hema zima lilisikia.

Tukapiga. Tulizunguka mara tatu, na mwisho wa mzunguko wa tatu nikaishikilia noti yangu bila kujua ni kwa muda gani. Mama yule akaimba. Hakuwa na sauti ya jukwaani. Ilikuwa ile sauti ya pili ya kwaya ya kanisa, isiyozoea kusimama mbele, iliyonyooka na isiyo na madoido. Alilitaja jina lote. Hakulikunja, hakulikata kichwa wala mkia, na zile sauti za Kikamba ambazo watu wa mlimani huzilainisha alizitamka kama zinavyotamkwa Maungu. Waitikiaji wetu wakajaribu kulirudisha, wakalivunja katikati. Akawangoja. Akalitaja tena, polepole zaidi. Mara ya tatu wanawake wa Maungu ndio walioitikia, wengine wakiwa bado na mikoba mabegani, nao wetu wakawafuata.

Basi akaanza kutembea kuelekea kwa bibi harusi huku akiimba. Alipofika kwa shemeji yake akasimama, akamwambia bila kupoteza mdundo:

"Shemeji, na wewe itikia. Utalihitaji ukija kuomba chai."

Kicheko cha safari hii kilitoka pande zote mbili, na yule bwana akaitikia, tena kwa sauti kubwa, maana hakuwa na pa kujificha. Mama akamfikia shangazi wa Maungu. Hakuomba radhi kwa niaba ya mtu. Alinyoosha mkono tu akangoja. Shangazi akauweka mkono wa binti katika ule mkono mkavu, naye mwenyewe akaanza kutikisa mabega kama wanavyocheza kwao. Hapo ndipo bibi harusi alipolia.

Jioni, tulipokuwa tukikunja nyaya, mwimbaji wetu alikwenda kumwomba radhi bibi harusi. Alirudi. Alituambia kwamba binti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama sasa anaweza kulitaja. Alilitaja kwa shida, naye akamsahihisha mara mbili kabla ya kumwachilia.

Wapishi nao walikuwa na neno la nyongeza. Yule wa habari za ng'ombe, ambaye ni jirani, alisema kwamba kwa majuma kadhaa walikuwa wakimsikia mama yule zizini wakati wa kukamua, akilirudia jina geni pole pole, na wao wakadhani amenunua ng'ombe mwingine. Alikuwa amefundishwa na mwanamke wa Kikamba anayenunua kabichi zake.

Sitaki kumpamba kuliko alivyokuwa. Inawezekana kweli hakuitaka ndoa ile, na sijui habari ya kikohozi, sikuuliza. Mapenzi ya mtu ni mambo ya moyo wake, na mara nyingi hayaji kwa kuitwa. Lakini jina la mtu linaweza kujifunzwa na yeyote, awe anampenda mwenye jina au hampendi, na huo ndio wajibu wa kwanza wa anayempokea. Yeye aliutimiza zizini, mbele ya ng'ombe wake. Sisi, tuliokwenda pale kwa kazi hiyo tu, tulikwenda na wimbo uliozoea kutumika, tukataka bibi harusi ajipunguze ili aenee ndani yake.

Tangu siku ile hatuendi harusini bila kulifanyia jina mazoezi, na mara nyingine mmoja wetu humpigia simu bibi harusi ili alitamke mwenyewe. Kukiwa na jina refu, tunaongeza mzunguko wa tatu kabla ya tundu, na mimi huishikilia noti yangu mpaka mwimbaji amalize. Mzunguko huo tumeupa jina, ndilo pekee nitakaloliandika hapa. Alhamisi, mwimbaji wetu akishalitamka jina la juma hilo na kulihesabu kwa vidole, huinua macho kutoka katika cherehani yake akaniambia, "Mwalimu, hili linataka Mama Mkwe."