Tulipokosea Kanisa Dorset

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliolewa kiangazi kilichopita kwenye kijiji kimoja cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Mimi na mke wangu tulitoka Toronto siku tano kabla, tukakodi gari tulipotua na kwenda taratibu, tukilala mji huu na ule. Gari nilijifunzia Kanada, wanakoendesha kulia, kwa hiyo kila penye mzunguko mke wangu alipiga kelele, "Kushoto, baba, kushoto!"

Siku yenyewe tuliingia vijia vyembamba na simu ikapoteza mtandao. Tulipoona kanisa la mawe na wanawake waliovaa kofia za maua, tulishukuru. Mzee mmoja mlangoni akauliza tuko upande wa nani. Nikasema wa bibi harusi. Akatukalisha safu ya tatu.

"Mbona simwoni wifi?" mke wangu akanong'ona.

"Atakuwa anamvalisha mwanawe."

"Na wengine je? Weusi humu ni sisi wawili tu."

Kinanda kikalia, tukasimama. Bibi harusi akaingia na babake. Alikuwa Mzungu, nywele nyekundu. Alipotupita alitutabasamia vizuri kabisa.

Tulichepuka wakati wa wimbo wa kwanza. Yule mzee akatufuata nje, akasoma kadi yetu, akacheka hadi akaegemea ukuta. Kumbe vijiji ni viwili, majina yanakaribiana. Akawasha gari lake akatuongoza. Alipotufikisha hakuzima hata injini.

"Lazima niwahi," alisema. "Yule ni mjukuu wangu."

Tulikuta watu wanapiga picha. Mimi ndiye niliyepangiwa kusoma somo la Biblia. Dada alikuwa amelisoma mwenyewe.

"Mmevuka bahari nzima, mje mpotelee hapa?" aliniuliza, kisha akanipa kisogo.

Kwenye hema la karamu mke wangu aliwasimulia maharusi yaliyotupata. Mpwa wangu alicheka hadi machozi, akamwita mama yake aje asikie. Dada alisikiliza akiwa amekunja uso. Mwisho akauliza, "Huyo babu aliwahi kurudi?"

Nikamwambia sijui.

"Maskini," akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo. Akanisogezea sahani ya kuku. "Kula basi, kaka. Mmeshinda na njaa."