Draya ya Saluni Ndani ya Chungu cha Shaba

Tupokigwe Anyitike Mwaikambo, binti wa Bupe wa Ikombe aliyefinyanga mitungi iliyovuka Ziwa Nyasa bila kupata ufa, mjukuu wa mfinyanzi ambaye chungu chake kimoja kilipikia msiba wa kijiji kizima, ndiye anayetia bitana vyungu vya kuyeyushia shaba katika karakana ya Abuzar, huko Temeke, tangu mwaka 1989. Bitana ni ile ngozi ya udongo ndani ya chungu cha chuma, inayozuia shaba ya moto isikile chuma. Anachanganya udongo na vigae vilivyosagwa, anakandika unene wa vidole viwili, kisha anaacha kivulini siku tisa. Siku tisa! Amelisema hilo mpaka mate yamemkauka.

Jumatano moja alifika kutoka kwake Kimara, ikiwa siku ya nne tu tangu akandike, akakuta mkaa umeshawaka na feni inapuliza.

"Shikamoo, mama," akasema Adelard, msimamizi wa tanuri, baba wa watoto watatu.

"Marahaba. Mnapika ubwabwa?"

"Tunamimina leo, mama. Bushi za ekseli ya mashine ya kusaga ya Segerea zinasubiriwa. Bitana imeshakauka."

Akainama kutazama chungu, kilichokuwa bado chini kando ya tanuri. Udongo ulikuwa mweupe kama unga. Siku nne, na mvua zote hizi? Kando ya chungu akaona waya, na mwisho wa waya draya ya saluni, ya pinki.

"Ya Shelina," Adelard akajitetea. Shelina ni dada yake Abuzar, mwenye saluni mlango wa pili. "Nimeikausha masaa sita, kwa mkono wangu."

"Na rolazi za nywele uliiwekea?"

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Akaegemeza shavu ndani ya chungu, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Baridi tupu. Juu kumekauka, chini maji yamefungiwa. Yakipata moto yatapasua bitana yatoke, na shaba itamwagikia miguu ya Adelard, ambaye hata leo, jamani, alikuwa amevaa kandambili.

Abuzar akatoka ofisini, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Erasmus, wateja wamenikaba koo. Mara hii moja tu."

"Mara hii moja, kwa miguu ya nani?"

Akachukua tindo, akachimba. Chini ya ganda jeupe udongo ukatoka mweusi, unanata. Akaubandika kwenye kiganja cha Abuzar.

"Huu mkavu?"

Abuzar akautazama, akaenda mwenyewe kuzima feni.

Basi bitana ya tatu tangu Januari imeharibika kwa haraka hizi hizi. Zile mbili alizirudia yeye, akinung'unika, na vidole vyake vya miaka sabini na sita vikauma wiki nzima. Safari hii akavuta stuli, akaketi, akalisukuma karai la udongo kwa mguu mpaka mbele ya Adelard.

"Mie, mama?"

"Wewe. Unakanda, unatia, na kila asubuhi unakuja kukigeuza chungu, siku tisa, Jumapili pia. Unaweka shavu, unaniambia umesikia nini."

"Lakini mie sijawahi..."

"Ndiyo maana ukaleta draya. Karudishe mtambo wa watu, vua saa, unawe mikono. Nakusubiri hapa."