Shingo ya Mlinda Goli

Wachezaji wa netiboli wa Mtunda waliniita daktari, ingawa si daktari. Nilisomea huduma ya kwanza ya wanamichezo, nikapewa cheti na begi la dawa. Mchezaji akiumia, ni wangu.

Siku hiyo mlinda goli wetu aliruka kudaka mpira, akagonga nguzo, akaangukia kisogo. Nilipomfikia alikuwa na fahamu.

"Dada, vidole vimekufa ganzi."

Nikapiga magoti, nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili. Wenzake nikawaagiza watukinge jua kwa kanga, wengine watafute gari.

Baba yake akaja mbio kutoka kwa watazamaji. Mkulima wa korosho, mtu mzima, hajazoea kukatazwa.

"Mnyanyueni, apelekwe kivulini!"

"Baba yangu, naomba asiguswe. Kama shingo imevunjika, tukimnyanyua ovyo atapooza."

"Mwanangu anaungua juani, wewe umemkalia tu! Akipata kilema nakupeleka mahakamani."

Sikuachia. Nikimruhusu amnyanyue, binti akapooza, wa kulaumiwa ni mimi. Nikimzuia, binti akazidiwa, ni mimi pia.

Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilipopatikana tulimlaza juu ya mlango ulioazimwa dukani. Nilikishika kichwa chake hadi hospitali ya Mchukwi, kila shimo la barabara likinipasua roho.

Hospitalini nilikaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Majibu ya picha yakaja: mfupa mzima, misuli tu imeshtuka, ganzi itaisha. Nikamshukuru Mungu. Baba akanigeukia.

"Kumbe hana kitu! Umemchoma jua bure."

Pale uwanjani nani alikuwa na macho ya kuona mfupa?

Wiki zilizofuata sikuwa na utulivu. Pikipiki ikisimama nje, nadhani naletewa wito wa mahakama. Haukuja. Binti alipopona, baba alimleta mazoezini mwenyewe, akanijia moja kwa moja.

"Angekuwa mwanao, ungemnyanyua?"

"Nisingekubali mtu amguse, baba."

Akamwambia binti avae viatu. Hakuniomba radhi, nami sikuingoja.

Mechi iliyofuata nilikaa ukingoni mwa benchi, begi mapajani. Kila binti yule aliporuka, nami nilikuwa nimeshasimama. Kocha aliniambia nikae, nikakaa, nikasimama tena.