Sashe na kikwembe cha mama mukwe

Ninatangaza rasmi, mbele ya wakaaji wote wa Kalemie: tangu leo asubuhi mimi na sashe, ile mifuko ya plastiki, tumeachana.

Si kwa kupenda.

Zimekatazwa kwa sababu zinachafua ziwa, na mama muuza ndakala alikataa kabisa kunipa. "Papa Alfani, samaki utazitia mu mifuko ya suruali?"

Nikarudi nyumbani mbio. Juu ya kamba nikakuta kikwembe kizuri, kitenge cha kujifunga, kikavu. Nikarudi nacho sokoni, ndakala zikaingia, nikafunga pembe nne.

Nikatoka pale na kiburi cha muntu anayependa ziwa lake, maji ya samaki yakinitiririka mguuni.

Mbele yangu, mama mukwe. Yuko kwetu tangu juzi.

Munajua heshima yetu: muntu na mama mukwe wake hawasemezani uso kwa uso. Nikashuka kando ya njia, nikatazama chini. Naye akamushika mama mumoja mupita njia.

"Umwambie mukwe wangu, kile kikwembe njo changu cha misa."

"Umwambie mama, nitakifua."

Yule mama wa katikati alicheka mpaka akatua kitunga chini. (Ninyi mungejibu nini? Semeni ukweli.)

"Umwambie, misa njo saa ine."

Ilikuwa saa tatu na nusu.