Kuku wa Masika

Niliondoka kwa sababu moja tu: nilitaka kuendesha baiskeli siku nzima bila kutumwa na mtu. Kwetu Bungoma baiskeli yangu hunipeleka kazini na kunirudisha, na tulikuwa tumechokana kama mtu na shemeji yake. Nikaipakia juu ya basi hadi Kasese, ili kesho yake nipite mashamba yaliyo chini ya milima ya Rwenzori mpaka Bwera, mpakani na Kongo.

Asubuhi barabara ilikuwa tambarare, mashamba ya pamba pande zote. Kwenye kizuizi, mwanajeshi akanisimamisha.

"Unabeba nini?"

"Sibebi kitu, afande. Natembea tu."

"Baiskeli mzima hakuna mzigo?" Akamwita mwenzake aje anione. Wakakagua hata pampu. "Enda. Lakini tafuta mzigo."

Njia panda ya Kikorongo nilisimama kula nanasi. Mama aliyeniuzia aliitazama keria yangu kwa huruma. Baiskeli za huko hubeba ndizi, magodoro, hata mbuzi, na mwenye baiskeli tupu huonekana amefiwa. Sijamaliza kula, tayari kuku alikuwa amefungwa nyuma.

"Mutoto yangu Masika amezaa, iko Bwera," akasema. "Tuligombana juu ya bwana yake, hatuongei tena. Mupe hii kuku. Akikubali, nitajua ameniachilia."

Nikauliza nyumba. "Uliza tu Masika," akanijibu.

Kutoka Kinyamaseke hadi Kisinga vilima vilinitoa jasho la meno, katikati ya kahawa na migomba. Watu wote njiani walimuulizia kuku hali. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Bwera nilifika alasiri, na hapo ndipo nilipojua nimejitia kitanzi. Wakonzo, wenyeji wa huko, huwapa watoto majina kwa kufuata nani kazaliwa wa ngapi, na kila binti wa kwanza ni Masika. Nilipouliza Masika aliyejifungua, sokoni waliniuliza, "Yupi?" Mama wa Kikorongo ni Mkonzo mwenyewe, lakini kwake Masika alikuwa mmoja tu duniani.

Masika wa kwanza alimpokea kuku kwa maombi marefu, na baada ya amina ndipo akakumbuka kwamba mama yake yuko jikoni. Wa pili alikuwa ameshabandika maji ya kumnyonyoa. Nilipogundua siye na kumchukua kuku wangu, mumewe alinifukuza hadi barabarani akiniita mwizi.

Wa tatu alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Nilipotaja mama wa Kikorongo, akageuza uso.

"Mama ya mananasi?"

"Ndiye."

"Rudisha. Muambie sitaki kuku yake. Yeye haina miguu?" Akafunga mlango.

Niliumia kana kwamba ni mimi niliyekataliwa. Nikalala gesti, kuku chini ya kitanda, nikitunga uongo wa kumwambia yule mama. Ningesema sikumpata binti. Ningesema amehamia Butembo, huko Kongo.

Asubuhi nilirudi kwa vilima vilevile. Kikorongo, mama alimwona kuku kabla ya kuniona mimi.

"Amekataa?"

Uongo wote ukanitoka kichwani. "Amekataa, mama."

"Alisema nini? Sema vile alisema."

"Alisema, yeye haina miguu?"

Mama akashika mdomo. Kisha akapiga vigelegele mpaka madereva wa malori wakachungulia madirishani, machozi yakimtiririka. "Ananiita! Masika ananiita!"

Safari ile ilinifunza kwamba maneno ya mama na bintiye mpita njia ayabebe tu, asijifanye anayaelewa. Niliyasikia kwa masikio yangu na nikayalilia usiku kucha bure.

Mama alimwachia jirani mananasi, akajifunga kitenge vizuri, akamkumbatia kuku na kukaa kwenye keria. Nikaanza kumweleza kwamba mimi naelekea Kasese, na kwamba basi langu la Bungoma linaondoka jioni.

"Geuza baiskeli," akasema.