Mama Aliyekuja Kusukwa

Mama yangu aliniacha. Hakunipoteza sokoni, wala sikuibwa. Aliniketisha kwenye kizingiti cha mlango wa mdogo wake, akanipa kipande cha muwa nitafune, akamfunga mgongoni mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, akaondoka na mwanamume aliyekuwa akimngoja pembeni mwa barabara. Muwa uliisha. Yeye hakurudi.

Nililelewa na huyo mama mdogo, muuza mkaa. Hakunitesa. Lakini watoto wake walipokwenda shule, mimi nilibaki na mkaa. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulinifunza kusuka nywele, na kwa hilo siulaumu.

Nafanya kazi katika chumba kidogo pamoja na mwenzangu tunayemwita Redio, maana ukishamwasha hazimiki. Mteja wangu hukaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, amenipa mgongo, na kioo hapewi mpaka mwisho. Ndiyo sababu watu hutuambia mambo yao. Kisogo hakina aibu.

Basi akaanza kuja mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyeniita "mwanangu". Sikushtuka, kila mwanamke mwenye mvi huniita hivyo. Kilichonishangaza ni nywele zake. Rasta zikisukwa vizuri hukaa wiki kadhaa, lakini huyu alirudi kabla hazijalegea, akaomba nizifumue nisuke upya. Nani anapenda kuvutwa kichwa bila sababu? Nilimuuliza kama nilimkaza mno. Akasema hapana, mikono yangu ni miepesi. Nikaanza kumchunguza. Wengine husinzia wakisukwa, yeye hasinzii. Na hata nikiwa na foleni, hakubali kusukwa na Redio.

Siku moja alipotoka tu, Redio akaniambia, "Shoga, hebu geuka nione."

Nikageuka.

"Hayo masikio wewe na yule mama mmeyanunua duka moja?"

Nilicheka. Lakini njiani kicheko kiliniisha, nikapitia kwa mama mdogo na kumweleza habari za mteja wangu. Badala ya kuniuliza mteja gani, alisema, "Amekwambia nini?" Nikajua.

Ningeweza kumfukuza. Hasira ninayo, tena ya kutosha na kubaki. Ila kulikuwa na jambo nililotaka kulijua tangu utoto: kwa nini mdogo wangu na si mimi? Yeye alikuwa wa kubebwa, sawa. Mimi nilikuwa natembea. Ningewafuata kwa miguu yangu mwenyewe.

Alipokuja tena nilimkalisha, nikamgawa nywele mistari, nikaanza upande wa kushoto. Nilipofika utosini nikamuuliza, kama tunavyowauliza wateja wote, ana watoto wangapi.

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja yuko mbali, hanitafuti. Mwingine ananisuka."

Redio alizimika mwenyewe.

"Kwa nini ulimchukua yeye ukaniacha mimi?"

"Yule baba alisema atapokea mtoto mmoja tu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Hapo akaanza kulia. Akaeleza jinsi yule mwanamume alivyokuwa akimpiga mpaka siku alipofariki, jinsi yeye mwenyewe alivyougua, jinsi alivyokuwa akifika mpaka mtaani kwetu na kugeuza njia. Nilimwambia taratibu, "Mama, pole. Lakini hayo sikuuliza." Nikalirudia swali langu. Akashika kichwa, akainuka, akafunga kitambaa juu ya upande uliosukwa na upande uliotimka, akatoka.

Msusi hamwachi mteja atoke na nusu kichwa. Redio alinifokea kwamba watu watadhani hatujui kazi. Nikamwambia amfuate yeye. Hakwenda.

Tangu hapo mama anatuma wajumbe. Juzi alikuja mama mdogo na kitenge kipya, akaniambia kwamba damu ni nzito kuliko maji na kwamba mzazi hana kosa. Kitenge nilikipokea, maana hakijanikosea. Nikamtuma amwambie mama aje nimmalizie kichwa, nisije nikawapa watu cha kucheka. Heshima yake nitampa. Akiugua nitamuuguza, sitamwachia jirani. Msamaha, tutauona mbele ya safari.

Lakini yule mwanamume aliposema mmoja, mama alifungua kinywa akasema nini? Alibisha? Alimsihi? Au alinyoosha kidole tu? Walikuwa wawili pale, na mwanamume amekwisha kufa. Jibu analo mama peke yake. Ni langu, na bado hajanipa.